Jiko la Kumi na Mbili

Hapo zamani, na sisemi zamani gani kwa sababu aliyenihadithia naye hakusema, palikuwa na bonde lenye chemchemi ya maji ya chumvi. Sogeeni basi, na anayetaka kukohoa akohoe sasa hivi, maana nikianza sipendi kukatizwa. Maji yale yalitoka ardhini yakiwa machungu. Watu waliyachota, wakayamimina vyunguni, wakayachemsha kutwa nzima mpaka ikabaki chumvi chini ya chungu. Kazi ndiyo hiyo, na ukiisikia hivi unaiona rahisi.

Mwenye majiko aliitwa Lugendo. Majiko yake yalikuwa kumi na mawili, yamepangwa mstari mmoja kando ya mfereji, na kila jiko lilikuwa na mchemshaji wake. Sasa ishikeni desturi yao, kwa kuwa hadithi yote imekaa juu yake. Moshi wa kuni ukichanganyika na mvuke wa vyungu, mchemshaji hamwoni jirani yake hata akinyoosha mkono. Tena moshi ule uliangusha watu. Mtu alizimia kimyakimya, na akiangukia motoni ndiyo basi tena. Kwa hiyo waliitana. Wa kwanza alimwita wa pili, wa pili akamwita wa tatu, hivyo hivyo mpaka wa kumi na mbili, naye akamrudishia wa kwanza.

"Lutema, upo?"

"Nipo. Nyamizi, upo?"

"Nipo. Kasanda, upo?"

"Nipo."

Kutwa nzima ilikuwa hivyo. Aliyeitwa asipojibu, watu waliacha vyungu viungue wakamkimbilia, na hapakuwa na mjadala juu ya hilo. Tena ndani ya moshi hapakuwa na bibi wala mzee, wala mama fulani wala shemeji. Liliitwa jina tupu, kwa kuwa jina tupu ndilo linalopenya.

Kasanda, mwanamume wa mabega mapana mwenye watoto wanne, alikaa jiko la kwanza. Lutema, mwembamba, mwenye kifua kibovu, alikaa jiko la kumi na moja. Jiko la kumi na mbili lilikuwa la Nyamizi, na Nyamizi alikuwa ajuza.

Huyu Nyamizi alikuwa amemzika mume, na wanawe wawili walifuata misafara ya wachukuzi wasirudi. Nyumbani alikoishi aliitwa bibi. Njiani aliitwa bibi. Kisimani watoto walimpisha wakamwita bibi. Hakuna aliyemkosea adabu, na mimi siwalaumu. Ni kwamba wote waliokuwa na umri wa kumwita kwa jina lake walikuwa wamekwisha kufa. Jina lake lilikuwa limebaki mahali pamoja tu duniani, katika moshi wa Lugendo, kinywani mwa Lutema.

Na Lugendo mwenyewe alikuwaje? Hakuwa mtu mwema, tuseme kweli. Wachemshaji wake walikula mara moja kwa siku, wote kwenye sinia moja, na mwenye mkono mwepesi ndiye aliyeshiba. Aliyeugua siku tatu alikuta jiko lake limepewa mwingine. Majirani zake wenye majiko walikuwa vivyo hivyo, basi watu wakaanza kuikimbia chumvi wakarudi kulima. Chumvi ikapungua. Na chumvi ilipopungua, ushuru wa Mtemi wa nchi ile nao ukapungua, kwa maana katika kila mizigo kumi mitatu ilikuwa yake.

Hapo ndipo Mtemi alipoumwa kichwa. Akamwita mtoza ushuru wake, jina lake Msabila, akamwuliza la kufanya. Msabila mama yake alikuwa mchemshaji, na alikufa kwa kifua cha moshi. Akashauri kitu ambacho hakijawahi kusikika: kwamba mwenye kazi atakayewatendea vema watu wake asamehewe ushuru. Mtemi alicheka kwanza. Kisha akaacha kucheka, akafikiri siku mbili, akatoa amri.

Amri ilisema hivi. Wachemshaji wapate chakula mchana na jioni. Kila mmoja awe na bakuli lake. Anayeugua apewe ujira wake mpaka apone. Na mzee asikae moshini. Mwenye majiko atakayetimiza hayo yote, mizigo yake mitatu katika kumi abaki nayo. Ili kumtambua, Msabila atakwenda kila mwisho wa kiangazi na fimbo mkononi, amwulize kila mchemshaji peke yake kama ametendewa vema. Akisema ndiyo, fimbo inakatwa mkato mmoja. Majiko kumi na mawili, mikato kumi na miwili. Ukipungua mmoja, hakuna msamaha.

Lugendo aliposikia, sitawadanganya kwamba moyo ulimlainika. Alipiga hesabu tu. Alipomaliza kuzipiga alinunua maharage, akafinyangisha mabakuli kumi na mawili, akawatangazia watu kwamba ugonjwa haukati ujira tena. Wachemshaji walitazamana, kila mtu akadhani mwenzake ameelewa vibaya. Lakini maharage yalikuja, wakala, wakashiba.

Likabaki lile la mzee asikae moshini, na mzee alikuwa mmoja. Nyuma ya mwamba, upande upepo unakotokea, palikuwa na mahali safi, pana kivuli, na moshi haukufika. Lugendo akamjengea Nyamizi jiko huko, jiko dogo la chungu kimoja, ujira ule ule. Maji hayakufika huko, basi Kasanda akaambiwa amchotee. Asubuhi alikwenda na vibuyu viwili. "Bibi, maji haya." Mchana alikwenda na bakuli. "Bibi, chakula hiki." Kisha alirudi mbio, kwa kuwa jiko lake lilikuwa likimngoja.

Na mstari ukajiziba. Lutema alipojibu nipo, alimwita Kasanda moja kwa moja. Siku ya kwanza ulimi ulimteleza kidogo, siku ya pili akazoea.

Najua mnachotaka kusema. Mtasema, si alipata kivuli? Alipata. Kikohozi chake kilikwisha, macho yakaacha kutoa machozi, akanenepa hata mashavu. Kiangazi kile cha kwanza Msabila alipokuja, aliwauliza watu kumi na mmoja, wote wakasema vema, akakata mikato kumi na mmoja. Akaenda nyuma ya mwamba akamkuta bibi amesinzia kivulini, bakuli tupu pembeni. Akamkumbuka mama yake. Hakutaka kumwamsha. Akaona kwamba usingizi ule ndio jibu lenyewe, akakata mkato wa kumi na mbili, akaondoka akinyata.

Lugendo akasamehewa. Masika ile Lutema akashikwa na kifua, akalala miezi miwili, na ujira ukaingia nyumbani kwake kila wiki kana kwamba alikuwa kazini. Mwaka wa nyuma yake angekufa, na wanawe wangegawanywa kwa majirani. Hilo nalo likumbukeni, msije mkasema nimelificha.

Kiangazi cha pili kikaja, na mwisho wake Msabila akarudi.

Niwaambie kidogo juu ya mtu huyu. Mtoza ushuru hana rafiki. Akiingia uani, maongezi yanakufa. Akikaribishwa chakula, anakaribishwa kwa hofu, kwa hiyo alibeba muhogo wake wa kuchoma akala njiani peke yake. Alikuwa ameoa zamani, mke akachoka kususiwa na majirani akarudi kwao. Na mwaka mzima ule mkato wa kumi na mbili ulikuwa ukimkera, kwa sababu aliukata bila kusikia neno. Ndiyo maana safari hii alianzia nyuma ya mwamba.

Upepo siku hiyo ulikuwa umegeuka. Sauti za wachemshaji zilifika mpaka huko, kwa mbali, zikiitana. Msabila alikuwa hajatokeza bado aliposikia sauti ya mwanamke karibu naye.

"Nyamizi, upo?"

Na sauti ile ile ikajibu.

"Nipo."

Akangoja amwone mtu wa pili. Hapakuwa na mtu wa pili. Ajuza alikuwa ameinama juu ya chungu chake kimoja akikoroga.

Msabila akaketi. Akamwuliza kama anakula mchana. Akasema anakula, tena anashiba. Akamwuliza kama ana bakuli lake. Akamwonyesha. Akamwuliza kama kuna aliyemtukana, kumpiga, kumkata ujira. Akasema hakuna, Lugendo amemtunza kuliko wanawe walivyomtunza. Basi Msabila akatoa kisu, akaweka makali juu ya fimbo.

"Kwa hiyo, bibi, umetendewa vema."

Nyamizi alikoroga kwanza. Alipojibu alikuwa akitazama chungu.

"Kiangazi cha pili hiki sijaitwa jina langu. Najiita mwenyewe ili nisilisahau. Wewe kata unavyoona, mwanangu. Mimi sijui kama huko ni kutendewa vema au vibaya. Najua ni upweke."

Msabila aliondoa kisu juu ya fimbo. Akamweleza polepole kwamba asipokata, msamaha utaanguka, na maharage ya watu kumi na mmoja yataanguka nao, na Lutema akiugua tena hatakuwa na wa kumlipa. Nyamizi akasema anajua yote hayo, ndiyo maana amenyamaza misimu miwili, lakini ameulizwa, na hakuwahi kuulizwa kabla. Lugendo akatokeza wakati huo huo, maana alikuwa ameambiwa mgeni amefika. Aliposikia neno lile alishtuka kwa kweli. Akasema atamleta msichana akae naye, amwite kutwa nzima, amlipe.

"Mtu wa kulipwa aniite jina?" Nyamizi akasema. Akainuka, akachukua mwiko wake, akaenda zake.

Alielekea bondeni, akaingia moshini, akapapasa mpaka akafika jiko la kumi na mbili, lililokuwa baridi, akaketi. Wanaume wale wawili walisimama nje ya moshi wasimzuie. Na mstari ulikuwa ukija. Ulikuja jina baada ya jina, mpaka ukafika kwa Lutema.

Lutema alijibu nipo. Kisha moshi ukafunguka kidogo akamwona ajuza ameketi pale. Akamwona na Msabila na fimbo yake, na Lugendo kando yake. Amri alikuwa anaijua: mzee asikae moshini. Akimwita Nyamizi kwenye jiko lile, amemtangazia mtoza ushuru kwamba mzee yumo moshini, na ujira wa kifua chake mwenyewe amekwisha kuutupa. Akakohoa. Akaita.

"Nyamizi, upo?"

"Nipo," akasema, na wanaosimulia wanasema sauti ilitoka kama ya msichana. "Kasanda, upo?"

Kimya.

"Kasanda, upo?"

Kimya tena. Basi watu wote waliacha vyungu, wakakimbia mstari mzima, wakijikwaa, wakiungua miguu, Nyamizi naye nyuma yao na mwiko wake. Walimkuta Kasanda ameketi mbele ya jiko lake, mzima, macho makavu, amefumba midomo. Hajaanguka. Alikuwa amekataa kujibu. Tangu chumvi ianze kuchemshwa bondeni hakuna mtu hai aliyewahi kuitwa asijibu. Nyuma yao vyungu vyote viliungua, na chumvi ya siku ile ikawa nyeusi.

Fimbo ya Msabila ikabaki haina hata mkato mmoja. Alimchukua kila mtu mpaka kwa Mtemi.

Baraza la Mtemi lilikuwa na sheria yake moja ya zamani. Mwenye dai akivuka kizingiti kabla ya hukumu, dai lake limekwisha, hata akirudi analia. Mtemi akaikumbusha kwanza, kisha akasikiliza habari yote, kisha akasema kwamba kwa amri yake mwenyewe msamaha wa mwaka huo umeanguka. Lakini hakuitoa amri ile ili watu waache kula. Kwa hiyo msamaha, yaani ile mizigo mitatu katika kumi, ataupitisha kwa mtu mmoja, na mmoja tu: yule aliyemtendea vema mwanamke huyu. Anayedai aseme.

Lugendo akasimama. "Mtemi, ulitaja mambo manne, nikafanya manne. Sikusema nawapenda. Ulitaka wale, wakala. Ulitaka mzee atoke moshini, nikamtoa, na leo ana kifua kizima kuliko changu. Kama kuna jambo la tano, ungelitaja, na hilo pia ningelilipia. Ukininyima msamaha, kesho hakuna maharage, na sisemi hivyo kwa kutisha, nasema kwa sababu sina."

Kasanda akasimama. "Kivuli alikitoa Lugendo, lakini maji hayakwenda kivulini kwa miguu yake. Misimu miwili nimembebea bibi huyu vibuyu viwili kwa siku, na jiko langu likinidai vilevile. Na mnanilaumu kwa kimya changu. Ningejibu, mstari ungemfunga pale moshini, na tungelala njaa sote kumi na mmoja, na yeye angekufa kwa moshi. Nilinyamaza ili arudi kivulini. Ni nani aliyemlipia zaidi yangu?"

Lutema hakusimama, kifua kilikuwa kikimbana. Alisema akiwa ameketi. "Mimi nilimwita. Sina kingine." Kasanda akamgeukia akamwuliza ni nani basi aliyemruka misimu miwili, nani aliyekuwa jirani yake akakaa bila hata siku moja kutembea mpaka nyuma ya mwamba. Lutema akasema ni yeye. Akasema ndiyo maana safari hii alimwita hali akijua kinachomgharimu, na hakudai kingine.

Mtemi akamwuliza Nyamizi ni nani kati ya hawa watatu aliyemtendea vema. Nyamizi akasema Lugendo alimpa uhai asiouomba. Akasema Kasanda alimbebea maji mengi na hakuwahi kuketi. Akasema Lutema alimwita mara moja, na mara moja ni ndogo, lakini ndiyo aliyokuwa akiingoja. Kisha akasema hajui kuchagua, wasimwulize tena.

Basi wakaachana naye, wakaanza kubishana wenyewe. Lugendo alihesabu maharage, Kasanda alihesabu vibuyu, wazee wa baraza wakaingilia, huyu anasema tendo ni tendo hata likiwa na faida ndani yake, yule anasema faida si wema. Bibi huyu, bibi yule, jiko la bibi, kivuli cha bibi. Jua lilipinda wakiwa bado wanamzungumzia. Hakuna aliyemtazama.

Mtemi alipokuwa tayari kuhukumu akamwagiza Msabila awaite kwa majina, kama desturi, ili hukumu iwakute wote.

"Lugendo, upo?"

"Nipo."

"Kasanda, upo?"

"Nipo."

"Lutema, upo?"

"Nipo."

"Nyamizi, upo?"

Mahali pake palikuwa patupu.

Msabila akaita mara ya pili. Watu wale watatu wakatazamana, kisha wakatazama kizingiti. Kila mmoja alijua kilichokuwa upande wa pili wa kizingiti kile, na alichokuwa anakiacha upande huu. Lakini jina lilikuwa limeitwa na halikujibiwa. Waliondoka kwa pamoja, na msiniulize nani alitangulia, kwa sababu kila anayesimulia hadithi hii humtanguliza mtu wake. Lugendo aliacha viatu. Kasanda alimshika Lutema mkono kwa sababu ya kifua chake. Walivuka wote watatu.

Walimkuta bondeni, kwenye jiko la kumi na mbili, amewasha moto, machozi ya moshi yanamtiririka, anakoroga. Walifika wakihema, wakasimama mbele yake, na Lutema akamwita tena ingawa alikuwa anamwona. Nyamizi akainua macho.

"Nipo," akasema. "Nilikuwepo siku zote."

Na kule barazani akabaki Mtemi na msamaha wake usio na mwenyewe, na Msabila na fimbo isiyo na mkato. Kwa sheria, dai la kila mmoja lilikuwa limekwisha. Mtemi akamwuliza mtoza ushuru wake ampe nani, na Msabila, ambaye siku ile alikuwa ameita majina ya watu na hakuna aliyeita lake, hakuwa na jibu.

Nami sina. Aliyenihadithia aliishia hapa hapa akainuka akaenda kulala, mbaya sana yule mtu. Basi semeni ninyi. Lugendo aliyetimiza amri yote kwa faida yake, na watu wakashiba? Kasanda aliyebeba maji, akanyamaza jina lilipohitaji jibu? Lutema aliyesahau misimu miwili, akakumbuka siku iliyomgharimu? Msiseme wote kwa pamoja. Wewe kule nyuma, uliyekaa peke yako, ambaye hujatoa neno tangu nianze na hakuna aliyekugeukia, jina lako nani? Haya, anza wewe: nani alistahili?